Heshima ya Firigisi

Mume wangu alisema ni kiatu. Ilikuwa Jumapili ya pili ya Aprili, saa moja na nusu asubuhi, na tulikuwa tumechelewa kwenda kanisani. Yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anakitazama kidole gumba cha mguu wake wa kulia kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Kidole kilikuwa kimevimba, kimewiva na kung'aa kama nyanya iliyosahaulika dirishani. Niliposogeza shuka, pindo likakigusa kidogo tu. Alipiga kelele mpaka jirani akatoka nje kuuliza ni nani amefariki.

Anaitwa Shikanga. Ni afisa wa kilimo mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja alizunguka Lurambi na pikipiki ya serikali akiwaambia wakulima wapande lini, wapalilie lini, na baadaye, kwa upole mkubwa, ni kwa nini mahindi yao yalikufa kwa sababu hawakumsikiliza. Kutoa ushauri ni kazi anayoijua kabisa. Kupokea ushauri hakufundishwa chuoni.

Mimi ni Navalayo, mwalimu wa darasa la tatu. Nalitaja hili mapema ili ujue kwamba nimezoea watu wanaoapa hawajaonja sukari huku chembe zake zimewaganda midomoni.

Jumamosi iliyotangulia alikuwa amealikwa kwa rafiki yake aliyenunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Katika Kakamega mtu akinunua ng'ombe mmoja ni lazima mwingine achinjwe kumkaribisha. Shikanga alichagua kiti karibu na jiko la kuchomea tangu saa sita mchana, akala maini, akala figo, akala mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, akateremsha kwa bia ambazo hakuweza kuniambia idadi yake kwa sababu, alisema, muungwana hahesabu chupa. Alipofika nyumbani alinikuta nimekaanga kumbikumbi wa mvua ya kwanza, akamaliza bakuli. Hapo kwenye kumbikumbi nakubali kwamba nami nimo.

Kwa hiyo ni kiatu, alisema. Kufikia adhuhuri kiatu kilikuwa kimeondolewa lawama, ikawa ni jirani, ambaye waligombana naye juu ya ua wa michongoma na ambaye bila shaka alikuwa amefukia kitu langoni. Jioni jirani huyo huyo alikuja kumpa pole na ndizi, ikabidi atafutwe mshukiwa mwingine.

Marafiki zake hawakumwacha peke yake katika utafiti huo. Mmoja alisema ni mfupa umeteguka. Wa pili alisema ni mishipa, na mishipa haitaki maji baridi. Wa tatu alimtuma mtu Buyangu amletee magome ya mti fulani kutoka msituni, ambayo yalichemshwa katika sufuria yangu nzuri, na sufuria hiyo mpaka leo ina ladha ya mlango. Hakuna hata mmoja aliyeuliza alikula nini. Wangeulizaje, walikuwa wamekaa naye kwenye lile jiko.

Mwishowe muuza dawa mmoja mjini alimdunga sindano ya maumivu. Baada ya siku tano kidole kilipungua, na Shikanga akatangaza kwamba yamekwisha. Ili kumshukuru Mungu kwa uponyaji huo alinunua figo za mbuzi.

Baada ya wiki tatu kidole kilirudi, na safari hii kilikuja na kifundo cha mguu.

Sikumwuliza tena. Nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, nikaita boda, nikampeleka kituo cha afya. Alipanda pikipiki amevaa kiatu cheusi kilichopigwa rangi mguu wa kushoto, na slipa yangu ya pinki mguu wa kulia, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoweza kumpokea. Tulipita katikati ya mji hivyo. Aliwapungia mkono watu watatu waliomsalimu, kwa heshima zote, kana kwamba ndiyo mitindo ya mwaka huu.

Daktari aliyetuhudumia aliitwa Jepkorir, msichana wa Nandi mwenye sauti ndogo. Shikanga alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akauliza kama daktari mwenyewe yuko karibu. Jepkorir alimwambia kwamba yuko karibu sana, akamtaka anyooshe mguu. Damu ikatolewa, tukangoja, karatasi ikarudi. Asidi ya yuriki ilikuwa tisa nukta nne.

"Mzee, hii ni gauti," alisema. "Wengine wanaiita jongo."

Alieleza polepole, kama ninavyoeleza kutoa kwa kukopa. Kuna kitu kinaitwa purini, kimo mwilini na kimo pia katika vyakula, ila vyakula vingine vimejaa zaidi. Mwili ukikivunja unatoa asidi. Figo zikishindwa kuitoa yote kwenye mkojo, ile inayobaki inaganda ndani ya viungo, vipande vidogo vyenye ncha, kama mtu aliyemwaga vioo vilivyosagwa kwenye bawaba ya mlango. Halafu akamwuliza anakula nini.

"Kawaida tu," alisema Shikanga. "Ugali na mboga."

Nikakohoa. Jepkorir akageukia upande wangu, na nikatoa taarifa kamili. Nilianza na maini, nikapita kwa figo na matumbo, nikatua kwenye omena, nikataja busaa, pombe ya kienyeji, ya Ijumaa na bia ya Jumamosi, na nikamalizia na firigisi. Katika nyumba ya Mluhya hakuna kuku anayekamilika bila firigisi, ile tunayoiita imondo, na firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Wanawake hawaigusi. Mama yangu alipika imondo tangu alipoolewa, akafa bila kujua ina ladha gani. Na kwa kuwa Shikanga ndiye msemaji wa ukoo, anayeitwa kila panapokuwa na posa, matanga au mzozo wa mpaka, yeye hali firigisi za nyumbani pekee. Anakula za tarafa nzima.

Jepkorir aliandika yote. Kisha akaanza kukata, na Shikanga akaanza kujadiliana naye kama tulivyozoea kumwona akijadiliana kwenye mahari. Aliachia maini na figo bila vita. Kwenye omena akasimama imara. Alisema omena ni samaki wadogo sana, na kama samaki ni kosa, basi hawa ni kosa dogo. Daktari alimwambia kwamba ukila omena unamla mzima, na kichwa na utumbo wake, na kila omena mmoja ana maini yake. Mume wangu hakuwa amewahi kuifikiria omena kwa jicho hilo.

Akajaribu bia. Haikupita. Busaa haikupita. Akauliza soda, akaambiwa sukari ya soda nayo inaongeza asidi. Akauliza, sasa kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu, ni nini kimebaki. Kilichobaki kilikuwa ugali, wali, mboga zote za kienyeji, mayai, maziwa, matunda, maharagwe kwa kiasi, nyama ya kuku kidogo isiyo ya ndani, na maji, lita mbili na nusu kila siku. Alimpa vidonge vya maumivu, na akamwambia uvimbe ukitulia angeanzisha vidonge vingine vya kushusha asidi, vya kumeza kila siku, hata siku ambayo hakuna kinachouma. Miezi ya mwanzo, alisema, kidole kinaweza kushtuka tena, kwa hiyo ndiyo miezi ya kukaa vizuri.

"Na hii firigisi," Shikanga aliuliza, "moja kwa mwezi?"

"Mzee, ungekuwa baba yangu ningekuambia uiangalie tu kwa macho."

Hapo ndipo mateso yalipoanza, na nasema mateso yangu. Likhubi na mrenda, mboga alizokula maisha yake yote akizisifu, ghafla zilikuwa chakula cha jela. Alilitazama yai kana kwamba limemtukana mamake. Alikunywa maji kwa kuugua baada ya kila funda, na nyumba nzima ikajua ni mara ngapi ameenda msalani kwa sababu alitangaza. Wakati huohuo alifanya utafiti wa kisheria. Aligundua kwamba daktari alikataza nyama lakini hakutaja mchuzi. Aligundua kwamba ulimi, ukifikiria vizuri, uko nje ya mwili na si kiungo cha ndani. Aligundua kibanda kimoja karibu na makutano ya Lurambi kinachouza supu ya mifupa saa nne asubuhi, muda ambao mimi niko darasani.

Alichosahau ni kwamba nusu ya wachuuzi wa makutano hayo wana watoto darasa la tatu. Niliarifiwa kabla supu haijapoa.

Shambulio la tatu lilimpata Juni, na lilikuwa baya kuliko yote. Siku nne hakukanyaga chini. Siku ya pili nilimkuta amekaa barazani mguu umelazwa kwenye mto, anaitazama mvua, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Tumeoana miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, tulipomzika mdogo wake, baba yake Eugene, kijana tuliyemlea sisi. Niliketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumkejeli. Aliniambia kwamba anaogopa kupitiwa na inzi. Si inzi kutua kwenye kidole, ni kupita karibu tu.

Baada ya hapo aliacha uwakili. Akaanza vidonge vya kila siku, akaviweka kando ya mswaki wake, akavimeza. Julai ikapita shwari. Na ilipofika Agosti, Eugene akatuletea habari kwamba anataka kuoa.

Eugene ni fundi wa friji mjini, kijana mpole. Tangu baba yake afariki akiwa darasa la tano, sisi ndio wazazi wake. Msichana aliitwa Beverlyne, wa Butere, na wazee wake walikuwa tayari kutupokea kwa ziara ya kujuana. Si mahari bado, ni kuketi tu, kusalimiana na kula. Yaani kula ndiyo ilikuwa ajenda.

Sikuhitaji kuelezwa. Mgeni mkuu wa upande wa mume anaketishwa mbele, kuku mzima analetwa amefunikwa, mwenyeji anafunua, na firigisi inawekwa kwenye sahani yake mbele ya watu wote. Akiila, amekubali nyumba hiyo. Akiirudisha, basi amekuja kwa vita na afadhali angebaki kwao.

Nilimwambia awaeleze ukweli kwa simu kabla hatujafika. Shikanga alisema mtu haingii kwa wakwe akitanguliza ugonjwa. Wataanza kuuliza kama ni wa ukoo, kama Eugene naye anao, kama watoto watazaliwa nao. Nikampigia Jepkorir, naye akasema firigisi moja haiui mtu, lakini mzee huyu yuko katika ile miezi mibaya, na mguu wake umeonyesha kwamba hauhitaji kualikwa mara mbili. Alisema uamuzi ni wake.

Shikanga alifikiria wiki nzima. Jumatano, tukiwa tunakunywa chai, aliniambia bila kunitazama, "Mama Natasha, nikiikataa watasema kijana hana mtu. Watasema baba yake angekuwepo angekula."

Natasha, binti yetu aliyeko Eldoret, alipopiga simu siku ile na kuuliza baba anaendeleaje, nilimwambia anaendelea vizuri ila anatafuta njia ya kufia kwenye kuku.

Tulifika Butere Jumamosi saa tano. Boma lilikuwa safi, miwa imelizunguka pande zote, viti vimepangwa chini ya hema. Mwenyeji wetu, Mzee Osundwa, baba yake Beverlyne, ni mkulima wa miwa, mtu mnene mwenye kicheko kizuri. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, tai nyekundu, na kandambili za ngozi zilizo wazi mbele, na soksi. Nililiona hilo nikajisemea kwamba pengine ndivyo wanavyovaa Butere.

Salamu zilichukua saa moja. Maombi yalichukua karibu hiyohiyo. Mimi niliketishwa upande wa wanawake, kando ya mama yake Beverlyne, mwanamke mtulivu aliyenikamata mkono na hakuuachia. Nyuma yetu, kwenye kiti chenye mto, aliketi kukhu, yaani nyanya ya Beverlyne, mama yake Osundwa, bibi wa miaka themanini na mitano ambaye wote walidhani amesinzia.

Kuku akaletwa. Osundwa akafunua, akaitoa firigisi kwa uma, akaiweka katikati ya sahani nyeupe, peke yake, ikang'aa kwa mafuta. Akaipeleka mbele ya mume wangu, akasema maneno mazuri. Watu wakapiga makofi.

Shikanga akaitazama. Niliujua uso ule, ni uso wa mtoto aliyeitwa ubaoni. Akasimama, akashukuru, akasema kwamba katika miaka yake ya kuzunguka hajaona ukarimu kama huu, na kwa sababu hiyo moyo wake unakataa kula kabla ya aliyempa. Heshima hii, alisema, inamfaa baba aliyemlea binti kama Beverlyne. Akaisukuma sahani kwa Osundwa.

Nilifurahi. Nikajua amepata mlango wa nyuma. Mwenyeji angekataa mara moja kwa adabu, kisha angeila, na mambo yangeisha.

Osundwa hakuila. Alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba sahani ina nyoka. Akasema kwamba hajawahi kusikia jambo hilo, kwamba yeye angekula firigisi mgeni akimtazama, mababu wangemwuliza. Akairudisha. Shikanga akasema mababu wa pande zote mbili ni waelewa. Akaipeleka tena. Osundwa akataja umri wa Shikanga. Shikanga akataja ukubwa wa boma la Osundwa. Sahani ilikwenda na kurudi mara nne, na kila safari hotuba ikawa ndefu zaidi na tamu zaidi, mpaka mafuta yakaanza kuganda na vijana wakatoa simu kupiga picha.

Mama yake Beverlyne akaniinamia sikioni.

"Mwalimu," alinong'ona, "wako anameza vidonge gani?"

Nikamtazama. Nikatazama zile kandambili za wazi za Osundwa na soksi zake, na nikaona soksi ya mguu wa kushoto imejaa kuliko ya kulia. Nikamtajia vidonge. Akatingisha kichwa na kusema wake ni hivyohivyo, tangu mwaka juzi, na kwamba naye alikuwa amemwomba aseme ukweli kwa simu, akamwambia mtu hapokei wakwe akitanguliza ugonjwa. Tulishikana mikono kwa nguvu ili tusicheke. Kwa hakika tungeweza kuwasaidia hapohapo. Hatukufanya haraka. Ni mara ngapi mke anapata kutazama jambo kama hilo akiwa ameketi?

Lakini mjomba mmoja wa Beverlyne, mtu mwenye sauti kubwa na subira ndogo, hakuona kichekesho chochote. Alisimama akasema sasa ameelewa. Wageni wamekuja kutoka mjini, wameonja chakula cha Butere kwa macho, na hawakitaki. Imondo imerudishwa mara nne mbele ya watu. Kama nyumba hii haiwatoshi waseme, binti yetu hana haraka. Wazee wawili waliokaa naye wakaitikia kwa kuguna.

Nilimwona Eugene. Alikuwa amekaa nyuma ya Shikanga, mikono katikati ya magoti, anamtazama baba yake mkubwa. Alikuwa na ule uso wake wa darasa la tano.

Shikanga pia alimwona. Aliinama, akaishika sahani, na nilidhani ataila. Nilianza hata kuhesabu siku ambazo ningekuwa namwogesha. Badala yake akaiweka chini mezani, taratibu, akasimama wima, na akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye hotuba zake.

"Mimi nina gauti. Nikila hii, kesho siwezi kutembea. Mwezi wa Juni nililia kama mtoto, mke wangu yuko hapa, mwulizeni. Sijadharau nyumba ya mtu. Niliona aibu kusema, ndiyo nikaanza kuwapigia hadithi. Mtoto huyu hana kosa. Ana baba, ni mimi, na baba yake ni mgonjwa wa mguu."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mjomba mwenye sauti kubwa alifungua mdomo akakosa cha kuweka ndani.

Osundwa alizitazama kandambili zake. Kisha akainama kwa shida, akaivua soksi ya mguu wa kushoto, na akaunyoosha mguu mbele ya mkutano. Kidole gumba kilikuwa na nundu kubwa kama kitunguu. Alisema ni mwaka wa tatu. Alisema alikuwa ameomba Mungu mgeni asije akamrudishia ile sahani, na Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

Kicheko kilianzia kwa wanawake, sitakana. Kikaenda kwa vijana, kikawafikia wazee, na mwishowe nikaona mabega ya Shikanga yanatikisika. Osundwa alikokota kiti chake mpaka kando ya mume wangu, na kabla kicheko hakijaisha walikuwa wameshaanza kuulizana yako ni ngapi, yangu ilikuwa kumi.

Ila firigisi bado ilikuwa pale mezani, imepoa. Yule mjomba, akiwa amepata tena sauti, alisema kwamba mila ni mila na kitu hicho lazima kiliwe na mtu. Alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono, kwa kujitolea.

"Lete hapa," alisema kukhu.

Tuligeuka wote. Hakuwa amesinzia hata kidogo. Mjomba alianza kumweleza kwamba mwanamke haruhusiwi, naye akamngoja amalize, kama anavyongojewa mtu anayeelezea njia ya kwenda kwako mwenyewe.

"Miaka sitini na saba nimepikanga hii kitu," alisema. "Naosha, nakata, natoa mchanga, napika, napeleka mezani. Wanaume wa hii nyumba wameikula mpaka miguu ikaharibika. Sasa mimi miguu yangu ni mizima. Lete."

Beverlyne ndiye aliyempelekea sahani, amepiga magoti, uso wake mkavu kabisa. Nilimpenda msichana yule papo hapo. Kukhu aliomba kisu, akaikata vipande vidogo kwa sababu ya meno, akatafuna kimoja baada ya kingine huku mkutano mzima, wanaume kwa wanawake, ukimtazama taya. Alimaliza. Akapangusa mikono. Mtu mmoja, nadhani ni Eugene, akamwuliza ikoje.

"Ni ngumu," alisema. "Na si tamu sana." Akafikiria kidogo. "Mmetuficha kitu cha bure."

Chakula kikaendelea. Shikanga alikula ugali, likhubi na paja moja la kuku, akanywa maji bilauri nne, na kwa mara ya kwanza hakuugua baada ya kila funda, kwa kuwa Osundwa alikuwa anakunywa naye.

Posa ilikubaliwa, mahari ikazungumzwa Oktoba, na harusi ikafanyika Desemba. Yule mjomba alihudhuria yote na alikula vizuri. Shikanga na Osundwa wanapigiana simu kila wanapopimwa damu, na husomeana matokeo kama wanafunzi waliotoka kuchukua ripoti. Aliyeshuka zaidi humcheka mwenzake kwa mwezi mzima. Si kwamba mume wangu amekuwa malaika. Februari alitegwa na maini kwenye matanga fulani, akalala siku tatu, akaniambia ni kiatu. Nilimtazama tu, naye akasema haya, ni maini.

Kilicho kigumu zaidi kuvumilia ni kwamba sasa ana ushauri mpya wa kutoa. Hakuna mtu anayemega omena mbele yake akamaliza kwa amani. Amewaeleza habari za purini kinyozi wake, fundi wa cherehani, na kasisi aliyekuja kutubarikia mwaka mpya. Wale marafiki wa jiko la kuchoma wamepunguza kumwalika, na anadhani wanamwonea wivu.

Mwezi uliopita tulirudi kwa Jepkorir, ambaye siku hizi Shikanga anamwita daktari hata asipoulizwa. Asidi ilikuwa tano nukta nane. Alimsifu, akamwambia aendelee na vidonge vyake, na kwamba anaweza kula nyama ya kawaida kidogo, mara mbili kwa wiki, ya ndani bado hapana. Shikanga alimwomba aiandike hiyo ruhusa kwenye karatasi na aipige muhuri. Jepkorir aliuliza ni ya kumpa nani. Mume wangu alininyooshea kidole, nikiwa nimekaa palepale, nimesikia kila neno.

Aliandika. Niliisoma mara mbili, nikauliza "kidogo" ni vipande vingapi, na Jepkorir akaongeza namba kwa kalamu nyekundu. Jumamosi nilimpikia. Alikula polepole sana, macho yamefungwa, nami nikaenda kusahihisha vitabu vya watoto barazani ili nisimharibie.